Mbono wa Mpanda na hesabu iliyorukwa

Makala nyingi za Kiswahili kuhusu nishati ya mimea na taka huanza na neno lilelile: uwezo. Tanzania ina uwezo mkubwa, tunaambiwa. Mifugo ipo, ardhi ipo, mabaki ya mazao yamejaa mashambani, kwa hiyo gesi na umeme vimo humo humo vinatusubiri tu. Mwandishi anazidisha idadi ya ng'ombe kwa kilo za kinyesi, anapata namba ya kutisha, makala imeisha. Leo nataka kuikosoa hesabu ya namna hiyo, na mfano wangu mkuu ni mibono ya Mpanda, kwa sababu pale hesabu ilirukwa na wakulima ndio walioachwa na matokeo.

Kwa wasomaji ambao miaka ile walikuwa bado shule ya msingi: katikati ya miaka ya 2000 bei ya mafuta duniani ilipanda mno, na mwaka 2008 pipa moja lilivuka dola 140. Ulaya nayo ilikuwa inajiwekea lengo la asilimia 10 ya nishati ya usafiri kutoka vyanzo jadidifu ifikapo 2020. Wawekezaji wakaanza kutafuta mahali pa kulima mafuta. Tanzania waliingia Sun Biofuels kule Kisarawe, BioShape kule Kilwa, na SEKAB waliotaka kulima miwa Bagamoyo. Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa bado Mkoa wa Rukwa (Katavi ilizaliwa 2012), walikuja Prokon, kampuni ya Ujerumani iliyojulikana zaidi kwao kwa umeme wa upepo. Zao lao lilikuwa mbono kaburi.

Tuanze kwa kuwatendea haki. Prokon hawakuja kuomba maelfu ya hekta. Mkulima alibaki na shamba lake, akapanda mibono pembeni au katikati ya mazao yake, na kampuni ikaahidi kununua mbegu. Kisarawe na Kilwa hali ilikuwa tofauti: ardhi ya vijiji ilitolewa kwa kampuni, BioShape ikafilisika 2010, na shughuli za Sun Biofuels zikasimama 2011, huku wanavijiji wakiwa hawana shamba wala ajira waliyoahidiwa. Ndiyo maana wachambuzi kadhaa waliitaja Mpanda kama mfano wa afadhali. Kwa upande wa ardhi nakubaliana nao kabisa. Ila kubaki na ardhi yako ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kile unachokipanda na muda unaokipa.

Kisayansi, mbono haukuwa utapeli. Karibu theluthi moja ya uzito wa mbegu yake ni mafuta, na lita moja ya mafuta hayo ina nishati inayokaribia ile ya lita moja ya dizeli. Tatizo lake kubwa kwenye injini ni uzito wa kutiririka: ni mazito kama mara kumi kuliko dizeli, kwa hiyo ama uyabadilishe kikemia yawe dizeli ya mimea, ama uirekebishe injini ipashe mafuta joto kabla ya kuyanyunyiza. Yote mawili yanawezekana. Kwa hiyo swali la "je, yanawaka?" lilikuwa na jibu zuri, na hapo ndipo watu wengi waliposimama.

Tuendelee pale walipoishia. Kwa mashine ndogo ya kukamua, unahitaji kama kilo 4 za mbegu kupata lita 1 ya mafuta. Ahadi za mwanzo duniani zilizungumzia tani 5 kwa hekta na zaidi. Kwenye mashamba halisi ya Afrika, mengi hayakufika hata tani 1. Tuchukue hiyo tani 1 kwa ukarimu. Ekari moja inatoa kilo 400, yaani lita 100 za mafuta kwa mwaka. Sasa mikono. Matunda ya mbono hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo huchumwa kwa awamu, kisha hubanguliwa. Mtu akipata kilo 3 za mbegu safi kwa saa amejitahidi. Kilo 400 ni saa 133, karibu siku 17 za kazi ya saa nane, na hapo palizi na kupogoa bado.

Linganisha na mahindi. Mavuno ya kawaida ya mkulima mdogo, kama tani moja na nusu kwa hekta, ni gunia 6 za kilo mia kwa ekari. Je, ungebadilisha gunia 6 za mahindi kwa lita 100 za mafuta? Na kumbuka mkulima hapewi bei ya lita 100. Bei ya dizeli ni dari tu. Chini ya dari hiyo kuna lori la kufika kijijini, mashine ya kukamua, mishahara, na faida ya kampuni. Kinachobaki ndicho anachopewa mkulima. Halafu kuna jambo ambalo jedwali la kampuni halina safu yake: mnunuzi asipokuja, mahindi unakula. Mbegu za mbono zina sumu. Hata mashudu yake, tofauti na mashudu ya alizeti au pamba, huwezi kumpa ng'ombe.

Hoja iliyotumika sana kuutetea mmea huu ni kwamba unavumilia ukame na kukubali ardhi iliyochoka. Ni kweli, haufi kirahisi. Wazee wetu waliupanda kama ua na makaburini kwa sababu hiyo hiyo, na jina umelipata huko. Lakini kuishi si kuzaa. Mbono ukikosa maji hupukutisha majani na kusubiri mvua, na wakati unasubiri hautengenezi mbegu. Ukitaka mavuno ya kwenye vipeperushi unatakiwa kuupa maji, mbolea na udongo mzuri, yaani vilevile vinavyotakiwa na mahindi. Isitoshe, miaka ile mbono ulikuwa karibu mmea wa porini: hapakuwa na mbegu bora zilizochaguliwa kwa vizazi vingi kama tulivyonazo za mahindi au mpunga. Mkulima ndiye alikuwa shamba la majaribio, bila kuambiwa hivyo.

Januari 2014 kampuni mama ya Prokon iliomba kufilisika huko Ujerumani, baada ya wawekezaji wengi kutaka fedha zao kwa wakati mmoja. Mbono haukuwa sababu. Lakini somo kwa Mpanda liko wazi: zao lenye mnunuzi mmoja linategemea afya ya vitabu vya hesabu ambavyo mkulima hatavisoma kamwe. Mti unachukua miaka mitatu au minne kuanza kuzaa vizuri. Katika muda huo kampuni inaweza kubadilisha mawazo, mti hauwezi.

Kwa nini niyafukue haya leo? Kwa sababu neno "uwezo" limerudi. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Moshi wa kuni unaua, na misitu ya Katavi inajulikana inavyoliwa na mkaa na ukaushaji wa tumbaku. Sasa chukua kata kama Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika, upande wa kuelekea ziwani. Mtungi wa gesi unaofika huko umeshabeba gharama ya safari ndefu. Ni rahisi sana mtaalamu kutua na kusema: mna ng'ombe, mna mpunga, tengenezeni nishati yenu. Kabla ya kumpigia makofi, aulizwe mambo matatu. Hiyo taka iko mahali pamoja au imetawanyika? Nani ataikusanya kila siku? Na hivi sasa inatumika kwa nini?

Tuijaribu kwenye biogesi. Kilo 1 ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa kama lita 40 za gesi. Kilo 40 kwa siku hutoa mita za ujazo 1.6, zinazotosha kuwasha jiko kama saa nne. Familia inapika bila shida. Mitambo hii si ndoto; CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikiisambaza tangu miaka ya 1980, na inafanya kazi vizuri kwa wafugaji wanaofungia ng'ombe bandani. Ila mifugo mingi ya Katavi inachungwa. Kinyesi cha mchana kinabaki malishoni, unapata cha usiku tu zizini. Ng'ombe wanne wa kwenye hesabu wanageuka kuwa wanane. Halafu kila kilo ya kinyesi inataka takriban lita moja ya maji. Hizo ni lita 40 kila siku, ndoo mbili za ziada, mwezi wa Septemba visima vikiwa chini. Anayezibeba tunamjua, na si mtaalamu aliyetua. Kwenye nyumba yenye maji karibu na ng'ombe wa zizini, nitaipigania biogesi, tena tope linalobaki ni mbolea nzuri. Kuizidisha kwa ng'ombe wote wa mkoa ni kudanganyana.

Maganda ya mpunga yanajibu vizuri zaidi. Kama asilimia 20 ya uzito wa mpunga ni maganda, na yanabaki hapo hapo kwenye mashine ya kukoboa. Hakuna anayeyafuata shambani; mkulima mwenyewe ameshayaleta. Kwa mtambo mdogo wa kuyageuza kuwa gesi ya kuendesha injini, kilo 2 hivi hutoa uniti 1 ya umeme, kwa hiyo tani 1 ya mpunga inabeba kama uniti 100, zaidi ya zile zinazohitajika kuikoboa. Kasoro zipo: lami inayoziba vichujio, majivu mengi, msimu unaokatika, na wachoma matofali ambao tayari wanayatumia. Lakini hizo ni kasoro unazoweza kukaa na mwenye mashine mkazihesabu mezani.

Ndivyo ilivyo hata kwenye mifano iliyosimama nchini. TPC ya Moshi huchoma makapi ya miwa yaliyokwisha kufika kiwandani. Kule Hale, Tanga, Katani walijenga mtambo wa biogesi ya mkonge pembeni ya korona, kwa sababu nyuzi ni sehemu ndogo sana ya jani na uchafu wote uliobaki unarundikana pale pale. Katika mifano yote miwili zao kuu limeshamlipa mtu, na nishati ni nyongeza. Mbono wa Mpanda ulikuwa kinyume: nishati ndiyo ilikuwa zao lenyewe, na kila msimu ilibidi ishindane na chakula kwenye shamba lilelile.

Wapo watakaosema mbegu bora zitakuja na mbono utarudi. Huenda. Zikija, zipandwe kwanza kwenye shamba la utafiti, kwa gharama ya mtafiti, hadi namba zake zijulikane. Nasi tunaoandika sayansi tuwe na kanuni moja ndogo: tusichapishe uwezo wa wilaya nzima kabla ya kueleza siku moja ya mtu mmoja atakayeubeba, kilo ngapi, ndoo ngapi, saa ngapi. Mkulima wa Kapalamsenga anaijua hesabu hiyo bila kikokotoo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha zile namba nyingine kabla hajachimba mashimo.