Siri Huuzwa, Mkono Hauuzwi

Anayetaka kujua jinsi mwanamazingaombwe anavyoiibua karata yako kutoka katikati ya seti iliyochangwa hahitaji kula kiapo wala kumpigia mtu magoti. Aende duka la vitabu. Siri hiyo imepigwa chapa, ina bei, ina michoro, na imekuwa sokoni tangu kabla babu zetu hawajazaliwa. Ajabu ni kwamba haijaisha utamu. Wengi huinunua, huisoma usiku mmoja, husema “kumbe ni hivi tu,” kisha kitabu hupanda kabatini na hakishuki tena. Kujua wamejua; kutenda hawawezi. Ufundi wa karata unakaa katika pengo hilo, na kitabu bora cha kuufundisha hupimwa kwa namna kinavyomvusha mtu pengo, si kwa wingi wa siri kilizobeba.

Vitabu hivi vina ukoo mrefu, na mzee wa ukoo anastahili kutajwa. Mwaka 1584 Reginald Scot, bwana wa shamba huko Kent, Uingereza, alichapisha The Discoverie of Witchcraft. Hakuwa mwanamazingaombwe. Kilichomuuma ni vikongwe maskini waliokuwa wakiburutwa mahakamani na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, uchungu ambao msomaji wa Usukumani hahitaji kuelezwa. Ili kuonyesha kwamba mengi yanayowatia watu hofu ni wepesi wa mkono tu, Scot alieleza jinsi wacheza viinimacho walivyoficha mipira na sarafu, walivyotumia visu vya kughushi, na walivyochanga karata huku ile waitakayo ikibaki mahali wanapopataka. Kurasa chache, zilizoandikwa kwa nia ya kuokoa roho za watu, ndizo zilizofungua somo. Na mpaka leo mwalimu makini wa karata huanza palepale alipogusa Scot: kwenye kuchanga.

Kitabu kinachotajwa kuliko vyote kiliingia kwa mlango mwingine kabisa. Mwaka 1902, mjini Chicago, mtu aliyejiita S. W. Erdnase alijichapishia The Expert at the Card Table, chenye michoro 101 iliyochorwa kwa kutazama mikono yenyewe. Huyu hakuwa akimtetea yeyote. Sehemu ya kwanza inafundisha hila za meza ya kamari: kugawa karata ya chini ukionekana unagawa ya juu, kuchanga pasipo kuchanganya, kuirudisha seti ilivyokuwa baada ya mpinzani kuikata. Hata mchezo wa karata tatu umo, uleule unaowatoa watu pesa kwenye stendi za mabasi na vichochoroni Kariakoo. Mazingaombwe yenyewe yanangoja sehemu ya pili. Na katika utangulizi mwandishi hajitii wema: anasema waziwazi kwamba kitabu kikiuzwa kitakuwa kimetimiza shabaha yake, maana ana shida ya pesa.

Nani alikuwa mtu huyo? Ukilisoma jina lake kinyumenyume unapata E. S. Andrews, na watafiti wamewafuatilia akina Andrews wengi bila kukubaliana. Martin Gardner, mwandishi maarufu wa hisabati za kujiburudisha, alimpata mchoraji wa kitabu, Marshall D. Smith, mwaka 1946. Mzee alikumbuka chumba cha hoteli kwenye baridi kali, na mtu mpole mwenye mikono laini aliyemwonyesha mshiko mmoja baada ya mwingine ili auchore. Basi.

Kwa nini mlaghai asiye na jina awe mwalimu wa wasanii? Kwa sababu kipimo chake ni kikali. Mwanamazingaombwe akishtukiwa huzomewa. Mcheza kamari akishtukiwa hupigwa. Kwa hiyo Erdnase hana nafasi ya mbwembwe. Sharti lake kuu ni mwendo kuwa mmoja: uchangapo kwa haki na uchangapo kwa hila, vidole vikae vilevile, kasi iwe ileile, macho yaelekee kulekule. Tazama jinsi sharti hilo linavyomgeuza mwanafunzi. Kabla hajajifunza kudanganya, inambidi aichunguze mikono yake inapofanya kazi kwa uaminifu, kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukifanya hata siku moja, ingawa tumecheza arubasitini barazani tangu utoto. Hila nzuri ya karata huanza kwa kuujua ukweli wa mkono wako mwenyewe.

Hata hivyo kitabu cha Erdnase si cha kuanzia. Sentensi zake ni nzito, hana huruma na mgeni, na anadhani unajua tayari kwa nini unayataka hayo anayokupa. Mimi anayeanza humwelekeza kwenye The Royal Road to Card Magic cha mwaka 1948, kazi ya Jean Hugard, mzaliwa wa Australia aliyehamia Marekani, na Frederick Braue wa California. Uzuri wake uko kwenye mpangilio. Sura ya kwanza ni kuchanga kwa kawaida, karata zikidondoshwa kidogo kidogo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, namna ambayo kila mtu anaijua. Ndani ya kuchanga huko wanakufundisha kuibakiza karata ya juu ibaki juu, kisha kuipeleka chini, kisha kuirudisha juu. Na kabla hujachoka, wanakupa michezo kamili inayotegemea jambo hilo moja tu, ili ukaionyeshe kwa watu. Sura inayofuata inaongeza jambo jingine na michezo yake. Kuinua karata mbili zikaonekana moja, jambo ambalo wanaoanza hulikimbilia siku ya kwanza, hukutana nalo mbele sana, mikono ikiwa imeshazoea uzito na utelezi wa karata.

Mpangilio huo una hekima kubwa kuliko unavyoonekana. Fundi wa karata hakomai chumbani peke yake. Anakomaa mbele ya watu, mdomo ukizungumza huku vidole vikitenda, shangazi akiuliza maswali ya kukera na mtoto akitaka kuichungulia karata ya chini. Kitabu kinachokupa ujuzi bila kukupa cha kuonyesha kinazaa mtu wa kujikuna vidole mbele ya kioo. Kinachokupa michezo mingi bila ujuzi kinazaa mtu wa kuonyesha mara moja na kukimbia. Hugard na Braue waliviunganisha viwili hivyo sura kwa sura, ndiyo maana kitabu chao kimewalea wanamazingaombwe wa vizazi kadhaa.

Sasa tuje kwenye kusoma kwenyewe, maana kusoma kitabu cha karata ni kazi ya namna yake. Huwezi kukisoma umelala kitandani. Kinasomwa mezani, seti mkononi. Maandishi yanasema: seti ilale katika kiganja cha kushoto, kidole cha shahada kikunjwe kwenye ukingo wa mbele, vidole vitatu vishike ubavu wa kulia, gumba lilale juu kwa upole. Unafanya hivyo, unaona kiwiko kimepanda bila sababu, unakishusha. Maandishi yanaendelea: ncha ya kidole cha mwisho ishike mwanya kati ya nusu mbili za seti, mwanya mwembamba usioonekana kwa mbele. Hapo unakwama. Kidole cha mwisho hakijawahi kuajiriwa kwa kazi nyeti kama hii. Ama kinafungua mwanya mpana kama mlango, ama kinaufunga kabisa. Unarudi kwenye sentensi, unagundua neno ulilolipita. Sentensi moja inaweza kula jioni nzima, na ukiamka kesho vidole vinaikumbuka kuliko wewe.

Uandishi wa aina hii ni fasihi isiyopewa haki yake. Mwandishi anapaswa kueleza vidole kumi vinavyotembea kwa pamoja, kwa maneno yanayofuatana moja baada ya jingine, kwa mtu asiyemwona. Akikosea kutaja kushoto na kulia, msomaji amepotea. Akizidisha maelezo, msomaji amezama. Waandishi bora wa karata wana sentensi safi kuliko waandishi wengi wa riwaya, na hawapati tuzo.

Kijana wa leo atauliza: kwa nini nisitazame video? Video ina faida moja ambayo kitabu hakiwezi kuipata: inaonyesha mdundo, mahali pa kutulia na mahali pa kwenda. Lakini inakukabidhi mikono ya mtu mwingine, na bila kujua utaiga hata anavyokohoa. Ukienda mitandaoni utawakuta vijana wengi, wa mabara tofauti, wanaoinua karata kwa pozi moja na kutoa utani mmoja. Kitabu hakikupi mtu wa kuiga. Kinakulazimisha uijenge hila upya kwa urefu wa vidole vyako, na ikikamilika ina sura yako. Basi kitabu kitangulie, video ifuate kama hakimu.

Baada ya Royal Road, mwenye kiu aende kwa Roberto Giobbi, Mswisi aliyeandika kwa Kijerumani kazi iliyotafsiriwa kwa Kiingereza kwa jina la Card College, juzuu tano. Giobbi anaeleza mahali pa kuweka kila kidole, na kwa nini. Wapi utazame, na ukimaliza seti uiweke wapi. Kwa mtu asiye na mwalimu karibu, juzuu mbili za kwanza ni mwalimu tosha. Asiyejaliwa wepesi wa vidole naye ana rafu yake. Scarne on Card Tricks cha 1950 na Self-Working Card Tricks cha Karl Fulves cha 1976 vimekusanya michezo isiyohitaji hila ya mkono, kwa kuwa kazi inafanywa na hesabu au na karata moja tu ambayo mwonyeshaji alikuwa ameiona. Wapo wanaoidharau michezo hii. Hawajui kwamba mikono isiyo na la kuficha inampa mtu nafasi ya kujifunza jambo gumu zaidi, yaani kuzungumza na watu.

Na hesabu yenyewe si ndogo. Gawa seti ya karata 52 sawa kwa sawa, halafu zisuke nusu hizo karata moja moja, karata ya juu ikibaki juu. Ukifanya hivyo bila kosa mara 8, seti inarudi ilivyokuwa mwanzo. Persi Diaconis, aliyeacha nyumbani kwao New York akiwa na miaka 14 ili azunguke na bingwa wa karata Dai Vernon, alinunua kitabu cha William Feller cha nadharia ya uwezekano, akakuta hawezi kukisoma, akarudi shule kwa ajili hiyo. Mwaka 1992, akiwa profesa, yeye na Dave Bayer walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba seti huhitaji kuchangwa kwa kuingiliana kama mara 7 ndipo ichanganyike vya kutosha. Kijana alifuata karata, kitabu kimoja kigumu kikamfikisha chuo kikuu.

Kuna rafu ya juu kabisa, na hiyo haigusi vidole. Juan Tamariz wa Madrid, katika The Magic Way, anamwona mtazamaji kama msafiri anayetafuta njia ya kulifikia fumbo. Kazi ya fundi ni kuzifunga njia moja moja, hata zile za uongo, ili mtu akiishiwa na maelezo asibaki na hasira ya kudanganywa, bali furaha ya kushangaa. Hapo ndipo mazingaombwe yanapoachana na karata tatu za stendi. Vidole ni vilevile na hila inaweza kuwa ileile. Lakini mwanamazingaombwe anakuachia mkoba wako na kicheko juu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa kinachoundwa ni mshangao wa mtu mwingine.

Kwa hiyo nunua kimoja, si kumi. Tafuta karata za karatasi zenye mipako mizuri. Za plastiki zinazoteleza kama sabuni zitakuchosha bure. Erdnase unaweza kumsoma bila gharama, kwani haki miliki ya kitabu chake ilikwisha zamani Marekani, ila mwache akusubiri. Wala usiogope kwamba utammaliza. Dai Vernon, aliyezaliwa Ottawa mwaka 1894 na ambaye mwaka 1922 alimshinda akili mwanamazingaombwe maarufu Houdini kwa karata, alikisoma kitabu hicho utotoni mpaka akakihifadhi kichwani. Mwaka 1984, yeye akiwa na umri wa kama miaka 90, maelezo yake juu ya kitabu hicho, ukurasa kwa ukurasa, yalichapishwa yakawa kitabu kingine. Siri zilizokuwa mle alizijua zote kabla hajaota ndevu. Kilichobaki cha kusoma, miongo yote hiyo, ni namna ya kuzitenda vizuri zaidi. Na kitabu kinachoweza kumpa mtu kazi ya maisha kwa bei ya seti chache za karata hakina sababu ya kuficha kitu.