Toka Ewuaso, Panda 111: Nairobi ya Kununua

Jamani, Ngong Road! Nyinyi mnaoishi Ewuaso Kedong na bado mnanunua kila kitu Ngong mjini kwa kuwa ndipo gari linapowafikisha, hebu sikieni. Mkishakwea ukingo wa Bonde la Ufa, mkapita Kibiko na kuiona ile mitambo ya upepo ya KenGen ikizunguka juu ya milima, msishuke mkaridhika. Pandeni matatu namba 111 hapo Ngong. Kutoka hapo hadi katikati ya Nairobi barabara ni moja, na kando yake kuna kila bei, kuanzia ya balozi hadi ya mwanafunzi.

Anzia juu kabisa. Shuka Karen, chukua bodaboda hadi Kazuri. Marehemu Lady Susan Wood alianzisha karakana hii ya shanga za udongo mwaka 1975 akiwa na akina mama wawili tu. Leo wamo mamia, wengi wakilea watoto peke yao. Utatembezwa humo ndani uone udongo ukifinyangwa punje kwa punje, ukichomwa, ukipakwa rangi, kisha ukirudishwa tanurini hadi ushanga ung'ae. Mimi niliyekulia kati ya shanga za kioo nilidhani sina la kushangaa. Nilishangaa! Buluu yao ina kina cha bahari. Bei haijadiliwi, imebandikwa, na kwa mkufu mmoja ni ya kukufanya umeze mate. Nunua herini, uzivae papo hapo.

The Hub, lile jumba kubwa la maduka lililofunguliwa Karen mwaka 2016, lina kahawa nzuri na choo safi. Tusonge.

Sasa soko la Toi. Hapa ndipo moyo ulipokwenda mbio. Unashuka kituo cha Adams, unaingia vichochoroni, na ghafla ni mitumba kulia, mitumba kushoto, mabati juu, redio tatu zikishindana. Soko hili limeungua mara nyingi, 2019 na tena 2024 kwa msiba mkubwa, na wachuuzi wakarudi kusimamisha vibanda palepale. Jifunze lugha ya bale, yaani robota la mitumba, kabla hujatoa mkono mfukoni. Bale likifunguliwa, nguo safi zisizo na doa, ambazo wenyewe wanaziita kamera, huondoka kwanza na kwa bei ya juu. Zinazobaki baada ya kuchaguliwa na kuchaguliwa tena ni fagia, zinarundikwa chini na kuuzwa kwa bei ya mandazi. Kwa hiyo asubuhi ni ya mwenye pesa, jioni ni ya mwenye subira. Mimi ni wa jioni. Katika rundo la fagia nilichomoa koti la sufi zito, la kukata baridi ile ya alfajiri tunayoijua sisi tunaoamka kukamua, lililokosa kifungo kimoja tu.

“Siz, hilo limekupenda,” akasema kijana wa kibanda.

“Mwisho ngapi?”

Akataja, nikacheka, akacheka, nikatuma kwa M-Pesa. Hatua chache mbele, fundi mwenye cherehani akapachika kifungo na kupunguza mikono nikiwa nimesimama. Duka gani la vioo litakufanyia hivyo?

Mjini, Biashara Street ni lazima. Ni mtaa mfupi wa maduka ya vitambaa, mengi ya familia zenye asili ya Kihindi. Zamani uliitwa Bazaar Street. Leso, vikoi, shuka za miraba myekundu ya kila namna. Haria's Stamp Shop, licha ya jina lake la stempu, imejaa vitambaa hadi darini. Gusa shuka kwa vidole kabla ya kulipa: nyepesi za kuuzia watalii zipo nyingi, na baba yako akiletewa moja ya hizo ataitandika kwenye kiti cha pikipiki.

Halafu Kariokor, na hapa naomba akina mama wa kwetu wanisikilize. Hili ni soko la wanaotengeneza, si la wanaopita kupiga picha. Utakuta ngozi, viondo, sandali za akala zinazokatwa kutoka matairi, na shanga za kioo za kutungia. Uliza za Czech, zile zinazotoka Ulaya miaka yote; ni ghali kuliko za Uchina lakini punje zinalingana, na mtungaji anajua maana yake: safu hainyooki kwa shanga zenye unene tofauti. Nilimwamkia muuzaji, “Shikamoo mama,” akanimiminia rangi mkononi bila haraka, akaniacha nilinganishe nyeupe na nyeupe kwenye mwanga wa mlangoni. Mkufu unaouzwa bei ya kutisha kwenye maduka ya kifahari huanzia mezani kama hii, kisha mikononi mwa wanawake kama wa kwetu. Mkinunua pamoja kwa jumla, mtaona tofauti.

Neno la mwisho la kikazi: tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na hakuna atakayekupa wa bure. Ukiwa na siku nzima, geuza safari. Nenda moja kwa moja Kariokor, nunua kiondo kipana chenye mikanda ya ngozi, kisha urudi ukikijaza njiani hadi Toi, ufike jioni fagia zikiwa zimemwagwa.