Kilema, Ulemavu na Hitilafu ya Umbo

Neno la Kiingereza "deformity" lina asili ya Kilatini, ambamo "forma" ni umbo. Maana yake ni hali ya kiungo kuachana na umbo lake la kawaida, ama tangu kuzaliwa, ama kwa maradhi au ajali. Neno hilo halisemi lolote juu ya uwezo wa mtu. Hata hivyo, watafsiri wengi huandika "kilema", na wengine "ulemavu", kana kwamba maneno hayo ni pacha.

Tafsiri hizo zina dosari. Kwanza, "kilema" hutaja kasoro na papo hapo humtaja mwenye kasoro, hata mtu akamezwa na mguu wake. Pili, "ulemavu" ni istilahi ya kisheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 huutazama ulemavu kwa kuzingatia kukosa au kupungukiwa nafasi ya kushiriki sawa na wengine katika maisha ya jamii, wala si sura ya kiungo.

Tuchukue mfano wa karani wa zahanati huko Mikumi. Mtoto aliyeshonwa mdomo sungura akapona ana alama ya umbo tu; jirani yake kiziwi ana ulemavu, na umbo lake ni kamili. Karani akiwaandikia wote neno moja, orodha ya wanaostahili msaada itakuwa imeharibika kabla haijafika wilayani Kilosa.

Jina si jambo dogo. Zamani, miongoni mwa Wakaguru wa Kilosa kama kwingineko Afrika Mashariki, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi, na aliweza hata kuuawa. Meno yale hayakumdhuru mtu. Kilichomdhuru mtoto ni hukumu iliyokuwamo ndani ya jina.

Kwa hiyo twapendekeza "hitilafu ya umbo". "Upotofu wa umbo" haufai, kwa kuwa unanuka dhambi. "Ubaya wa umbo" hukashifu. Hitilafu, ambayo mafundi huitumia hata kwa mitambo, hutaja tofauti bila kumhukumu mtu.

Itasemwa kwamba kilema ni neno la wahenga. Ni kweli, na libaki katika fasihi na methali. Lakini wahenga hao hao walituonya kwamba hujafa hujaumbika. Katika fomu, vitabu vya tiba na barua za ofisi, umbo na uwezo vitengwe.