"Upenyevu" na Dhana ya Mianya

Wafasiri kadhaa wa maandishi ya ujenzi na udongo hulitumia neno "upenyevu" kwa dhana mbili: sehemu ya ujazo isiyojazwa na punje, na wepesi wa maji kupita. Kasoro hii si ndogo. Udongo wa mfinyanzi huweza kuwa na nafasi tupu kupita nusu ya ujazo wake, na bado maji hupita kwa taabu. Mchanga, wenye nafasi chache zaidi, huyapitisha upesi. Asomaye neno moja kwa yote mawili aweza kuchimba shimo la majitaka mahali pasipofaa.

"Vinyweleo" nalo halifai. Hilo ni la ngozi, na mianya yetu imo baina ya punje.

Kariakoo dhana hii haihitaji mwalimu. Mnunuzi wa mahindi hutaka debe litikiswe, kwani punje zikishuka mianya hupungua. Fundi naye achanganyapo debe moja la mchanga na mawili ya kokoto hapati matatu: mchanga huingia baina ya mawe. Matufe ya ukubwa mmoja, yakimiminwa ovyo na kutikiswa, huacha wazi takriban asilimia 36. Kokoto zenye pembe kwa kawaida huacha zaidi, na mchanganyiko wa kubwa na ndogo huacha pungufu. Hapo hesabu huwa ngumu, maana umbo na ukubwa huathiri kwa pamoja.

Kwa kuwa ni kiasi, napendekeza "kiwango cha mianya", yaani mianya kwa ujazo wote. "Uwiano wa mianya" liwe mianya kwa ujazo wa punje peke yake. Ama "ufungashaji wa punje", liachiwe wenye maboksi. "Mjazano" latosha.