Jina Lisilomfaa Mwenyewe: Uhakiki wa "Chura wa Mshale wa Sumu"

Wapo vyura wadogo, wengi wao wenye rangi za kung'aa, waishio katika misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini, tangu Nikaragua hata Bolivia na Brazili. Wataalamu huwaita Dendrobatidae. Mwandishi wa Kiswahili atakapo kuwataja, hushikwa na tamaa ya kuchukua jina la Kiingereza na kulifasiri neno kwa neno: "chura wa mshale wa sumu." Katika makala haya nataka kulipima jina hilo, kwanza kwa mizani ya lugha, kisha kwa mizani ya kitu chenyewe, maana jina la kitaalamu si pambo, bali ni ahadi kwa msomaji kwamba kitajwacho ndicho kilichopo.

Tuanze na lugha. Neno "wa" limetumika mara mbili, na mara zote mbili laleta mashaka. Sumu ni ya nani? Kwa mpango wa maneno haya, sumu ni ya mshale, na mshale ni wa chura. Hali ukweli ni kinyume chake: sumu ni ya chura, na mshale huiazima tu. Tena neno mshale kwetu lafuatana na upinde na podo. Lakini wawindaji wanaohusika hapa ni Waembera wa Kolombia, na silaha yao ni mwanzi mrefu wa kupulizwa kwa kinywa, nacho kitokacho ndani yake ni kijiti chembamba. Hicho ni kishale, wala si mshale.

Tukija kwa kitu chenyewe, kosa lazidi. Jamii hii ina aina zipatazo 200. Zijulikanazo kutumiwa kwa vishale ni tatu tu, zote za jenasi ya Phyllobates na zote za magharibi ya Kolombia. Mkali kupita wote ni Phyllobates terribilis, aliyeelezwa na Myers, Daly na Malkin mwaka 1978. Ngozi yake yaweza kuwa na miligramu 1 hivi ya batrakotoksini, sumu izuiayo milango ya sodiamu katika neva na misuli isifungike, hata moyo ukashindwa kazi. Mwindaji husugua ncha ya kishale mgongoni mwa chura aliye hai, kisha humwachilia aende zake. Mahali pengine pengi Amerika ya Kusini wawindaji wa mianzi hutumia kurare, sumu itokayo katika mimea. Na miongoni mwa vyura hawa, wengi wa jenasi ya Hyloxalus wana rangi ya majani makavu, wala hawana sumu ya kutajika. Basi desturi ya watu wachache juu ya aina tatu imevikwa jamii nzima.

Kosa la tatu limejificha zaidi. Jina hili lafanya sumu ionekane kuwa ni sifa ya kuzaliwa nayo. Utafiti wa John Daly na wenzake ulionyesha kwamba vyura hawa wakizaliwa na kulelewa kizuizini, wakalishwa nzi na nyenje, huwa hawana sumu hiyo. Msituni alkaloidi zao huzipata kwa kula sisimizi, utitiri na wadudu wengine wadogo. Jambo kama hili si geni kwetu. Mwaka 2011 watafiti walieleza habari za panya mkubwa wa Afrika Mashariki, Lophiomys imhausi, atafunaye magome ya mti wa Acokanthera na kujipaka sumu yake katika manyoya ya ubavuni. Mti huo ndio uliowapa Wakamba na Wagiriama sumu ya mishale tangu zamani. Hata hivyo, nani angekubali tumwite mnyama huyo "panya wa mshale"?

Tuangalie pia jina lililotungwa na mtu aliyemtazama mnyama. Oophaga maana yake ni mla mayai. Jike wa Oophaga pumilio hubeba viluwiluwi wake mgongoni, mmoja mmoja, na kuwatia katika maji yaliyotuama kwenye makwapa ya majani. Kisha huwarudia na kuwatagia mayai yasiyo na mbegu ili wale. Chura huyohuyo, katika visiwa vya Bocas del Toro nchini Panama, ni mwekundu hapa, buluu pale, na kijani kwingine. Hayo yote jina la mshale halina nafasi nayo.

Atasema mtu kwamba desturi ina nguvu kuliko hoja: bata mzinga si bata, wala hana mzinga, na hakuna apoteaye. Ni kweli, lakini bata mzinga twamwona uani, na macho husahihisha kosa la masikio. Vyura hawa msomaji wetu hajawaona. Jina ndilo macho yake.

Kwa hiyo naona yafaa jamii nzima tuwaite "vyura dendrobati", na "vyura wa vishale" liwe jina la zile aina tatu peke yake. Tofauti hii si ya wanasarufi tu. Phyllobates terribilis amehesabiwa kuwa katika hatari ya kutoweka, na msitu wake unakatwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba sumu ni ya chura mwenyewe ataona yatosha kumweka chura katika kizimba cha kioo. Aliyefundishwa kwamba sumu ni ya msitu atajua kwamba hawezi kumhifadhi chura huyo kwa ukamilifu pasipo sisimizi, majani makavu na kivuli chake. Mwenye jina lililo bora zaidi na alilete, tulipime kwa mizani hiyohiyo.