Jina na Majirani Zake

Makarani wa sensa ya Marekani ya 1860 walipoingia katika majimbo 15 yaliyokuwa na utumwa, walibeba karatasi za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za watu huru: jina, umri, kazi, mahali pa kuzaliwa. Za pili zilikuwa za watumwa, na jina lililoandikwa humo lilikuwa la mwenye kuwamiliki. Chini yake zilifuata alama tu: mwanamke, 34, mweusi; mwanamume, 9, chotara; mtoto, miezi 3. Watu 3,953,760 walihesabiwa kwa mtindo huo, na ni wachache mno walioandikwa jina. Vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, utumwa ukafutwa, na katika sensa ya 1870 karani akagonga milango ya watu wale wale akiwauliza kila mmoja anaitwa nani.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni wa wale wanaojaribu kuvuka kutoka 1870 kurudi 1860. Wapekuzi wa nasaba za Wamarekani weusi huuita mwaka wa 1870 ukuta, na hawatii chumvi. Upande huu wa ukuta kuna bibi mwenye jina, jina la ukoo, umri na kazi. Upande wa pili kuna tarakimu.

Sisi tunaojitambulisha kwa jina la baba kisha la babu twaweza kudhani wenzetu wenye jina la ukoo wana kazi nyepesi: jina ni lile lile vizazi hadi vizazi, lishike na ulifuate. Nasaba yetu tunaihesabu kwa mdomo, wao wanaisoma kwenye daftari la serikali. Lakini jina hilo la kufuatwa ndilo linalopotosha kuliko kitu kingine chochote.

Mtazame Booker T. Washington. Alizaliwa mtumwa katika shamba la familia ya Burroughs huko Virginia, na katika orodha ya mali ya marehemu James Burroughs ya mwaka 1861 yumo, Booker, ametiwa thamani ya dola 400. Jina la ukoo hana. Baada ya uhuru familia ilihamia Malden, West Virginia, kwenye viwanda vya chumvi, na kijana alipoanza shule alisikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili au zaidi. Zamu yake ilipofika akajibu kwamba yeye ni Booker Washington. Baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Kwa hiyo mpekuzi anayeliona jina Washington na kukimbilia Mount Vernon, shambani kwa rais wa kwanza, anamfuata mtu ambaye hana uhusiano wowote na familia hii. Jina la ukoo la mtu mashuhuri namna ile lilikuwa jina la kwanza la mume wa mama yake, lililotwaliwa na mtoto mbele ya mwalimu. Na sensa ya 2000 ilionyesha kuwa karibu asilimia 90 ya Wamarekani wenye jina Washington ni weusi. Kila familia ina njia yake ya kulifikia jina hilo, na nyingi hazipiti kwa George.

Frederick Douglass naye alizaliwa Bailey, akawa Johnson alipotoroka utumwani, kisha akawa Douglass alipofika New Bedford, kwa sababu akina Johnson walikuwa wamejaa mno mjini humo. Wengine walichukua jina la bwana wa mwisho, wengine la bwana wa zamani aliyemmiliki bibi yao, wengine la baba aliyeuzwa mbali. Wapo waliokuwa na jina lao tangu utumwani, wakilitumia wenyewe kwa wenyewe bila bwana kujua. Mjukuu anayeamini kwamba jina lake lazima liwe la mwenye shamba atatafuta shamba lisilo lake maisha yake yote.

Halafu kuna mkono wa karani. Yeye aliandika alichosikia, na alichosikia kilitoka kwa mtu ambaye mara nyingi alikuwa amenyimwa kwa sheria nafasi ya kujifunza kusoma, hivyo hakuweza kumsahihisha. Familia moja huandikwa kwa tahajia moja mwaka 1870, nyingine 1880, na nyingine kabisa 1900. Ili kuliwinda jina linalobadilika hivyo, Wamarekani walitumia mfumo wa Soundex, uliopewa hataza mwaka 1918. Unabakiza herufi ya kwanza, unatupa irabu, na konsonanti zinazofanana kwa sauti unazipa tarakimu moja. Smith, Smyth na Schmidt wote wanakuwa S530; Washington anakuwa W252. Katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, serikali iliwaajiri watu wasio na kazi wakaandika kadi kwa mfumo huo kutoka sensa za 1880, 1900 na 1920. Ni kazi ninayoiheshimu sana, ingawa ina upungufu wake: L imepewa 4 na R imepewa 6. Mfumo huu ungebuniwa Nyeri au Mwanza, herufi hizo mbili zingelala kitanda kimoja.

Fundi hodari, basi, halishiki jina peke yake. Analiweka kando kidogo na kuanza kusoma majirani. Karani wa 1870 alitembea nyumba kwa nyumba na kuzipa namba kadiri alivyozifikia, kwa hiyo ukurasa wake ni ramani ya njia aliyopita. Familia nyingi zilizoachwa huru hazikwenda mbali mara moja. Msomaji mzoefu anapanda kurasa kadhaa juu na kushuka kadhaa chini, akitafuta mzungu ambaye kwenye safu ya thamani ya ardhi ameandikiwa maelfu ya dola. Akishampata anarudi kwenye karatasi za 1860, anamtafuta mtu huyo katika orodha ya wamiliki, na kulinganisha: familia ya 1870 ina mama wa miaka 44, mwana wa 19, binti wa 13, je, hapa kuna mwanamke wa 34, mvulana wa 9, msichana wa 3? Umri ni nadra kuwa sawasawa hivyo. Watu wazima wengi wana 30, 40 au 50 kamili, maana karani alikadiria kwa macho. Ila mpangilio wa familia nzima, nani ni mkubwa wa nani na kwa kiasi gani, ni vigumu kuigwa kwa bahati. Hata hapo fundi hatangazi ushindi. Anakwenda mahakama ya wilaya kutafuta wasia, hati za mauzo, orodha za mirathi, kwa kuwa warithi waliogawana watu walilazimika kuwataja kwa majina ili wasigombane.

Elizabeth Shown Mills, mmoja wa walimu wakubwa wa fani hii, ndiye aliyeueneza utaratibu huu wa kumsoma mtu kupitia jamaa, washirika na majirani zake. Na yeye ndiye ninayemkumbuka kila ninaposikia watu wakitaja Roots, kitabu cha Alex Haley cha 1976. Haley alikulia Henning, Tennessee, akisikiliza simulizi za bibi yake, na alipokuwa mtu mzima akaenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kusoma sensa ya 1870 ya Alamance, North Carolina. Humo akamkuta Tom Murray, mweusi, mhunzi, na mkewe Irene: wazazi wa bibi yake, wale wa simulizi, wameandikwa kwa wino wa serikali. Sehemu hiyo ilisimama. Kisha akavuka ukuta kwa haraka iliyozidi ushahidi. Mwaka 1981 Mills na mumewe Gary walichapisha uchunguzi wao: Toby, mtumwa ambaye Haley alimtambua kuwa ndiye Kunta Kinte, babu yake wa kwanza kutoka Afrika, aliyeletwa na meli Lord Ligonier mwaka 1767, alikuwa tayari kwenye nyaraka za Virginia mwaka 1762. Silitaji hili ili kumshusha Haley, aliyewatia mamilioni ya watu hamu ya kuuliza walikotoka. Nalitaja kwa sababu linaonyesha heshima ya kazi yenyewe. Mama huyu alipenda nasaba za watu kiasi cha kukataa kuwapa isiyo yao.

Ukuta si pengo la pekee. Sensa ya 1870 haikuuliza nani ni nani wa nani. Kaya yenye mwanamume, mwanamke na watoto sita wa jina moja yaweza kuwa ndugu na wapwa. Swali la uhusiano lilianza 1880. Sensa ya 1890 iliharibiwa vibaya na moto uliowaka Januari 1921 katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington, na karibu mabaki yake yote yaliangamizwa baadaye kwa idhini rasmi. Mtoto aliyezaliwa 1881 na kuolewa 1899 haonekani popote pamoja na wazazi wake. Wapekuzi humnasa kwa mlango wa nyuma, kupitia sensa ya 1900 iliyomuuliza kila mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai: ukiona wamebaki sita na nyumbani wamo wanne, unajua unao wawili wa kutafuta kwa majirani.

Siku hizi kompyuta ndiyo inayosoma kwanza. Sheria huficha majina kwa miaka 72, na sensa ya 1950 ilipofunguliwa Aprili 2022, orodha yake ya majina ilikuwa imesomwa na mashine, ikiwa na makosa ya kutosha, na umma ukaombwa kusaidia kuyarekebisha. Watu wa kawaida waliketi majumbani na kuandika upya majina ya familia zisizo zao, ukurasa kwa ukurasa. Ya 1960 itafunguliwa 2032. Wanaojua kazi hawangoji mashine: wanatafuta tangu sasa anwani za babu zao, mtaa na namba ya nyumba, wakiwemo wale ambao tayari wameshakubaliana na shangazi zao kwamba tahajia ya jina haitasaidia chochote.