Wanaouliza Kabla ya Kutoa

Pongezi hizi ni kwa wauguzi na wakunga wa Minova, mji wa ufukweni mwa Ziwa Kivu uliojaa wakimbizi wa vita kutoka Masisi mwaka 2024.

Kabla ya kumpa mama njia ya uzazi wa mpango, wao huuliza: "Mama, kichwa kinakuumaga? Mtoto ana wiki ngapi?" Maswali ya namna hii yana mzizi katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, unaopanga usalama wa kila njia ya uzazi wa mpango kwa madaraja 4. Mwenye presha ya 160/100 hapewi vidonge vya homoni mbili, maana vinaweza kumletea kiharusi. Kitanzi cha shaba hakina shida na presha yake. Anayenyonyesha kichanga cha chini ya wiki 6 naye vidonge hivyo havimfai, lakini kipandikizi anaweza kuwekewa.

Ninachokithamini zaidi ni maswali 6 wanayouliza ili kuondoa shaka ya mimba pale kipimo kinapokosekana. Asiye na dalili za mimba akijibu "ndiyo" kwa moja tu, mathalani hedhi yake imeanza ndani ya siku 7, anahudumiwa papo hapo. Mama aliyetembea kutoka kambini haambiwi arudi mwezi ujao.